Freni Hazinywi Mafuta

Siku ile mteremkoni tulikuwepo sisi hawa: baba mdogo, ambaye neno la mwisho lilikuwa lake, mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Kamanyola, aliyekuja na chupa zake za gesi za kukatia, fundi wetu, mama mjane wa Kiringye, ambaye freni zilikuwa zimetoka kwenye gari la marehemu mume wake, wadogo zangu wawili, msichana na mvulana, na mimi, mkubwa wao, nikiwa kwenye usukani. Wapita njia walisimama pia, lakini hao siwahesabu, kwa kuwa hawakuwa na cha kupoteza.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Lori la baba likishuka mteremko ule na kusimama kabla ya barabara kuu, lingebaki kwetu. Lisiposimama, lingekatwa vipande pale pale na kuuzwa kama chuma. Hatukuwa na kitu kingine duniani. Mama alitangulia, baba akamfuata, na baada yao ziwa nalo likapanda, likaingia katika nyumba yetu ya ufukweni mpaka kuta zikalainika na kuanguka moja moja. Tulikuwa tunalala watatu katika chumba cha kupanga. Lori ndilo lililotulisha, kwa mchanga na mawe liliyobeba kwa ajili ya wale ambao bado walikuwa na nguvu ya kujenga upya.

Lilikuwa lori la zamani kuliko baba mwenyewe. Liliachwa na Mbelgiji mmoja aliyelima pamba katika uwanda wa Ruzizi, na babu, aliyekuwa dereva wake, akalipata kwa njia ambayo kila mzee wa ukoo aliisimulia kivyake. Injini ilikwisha kubadilishwa, mbao za nyuma pia, hata viti. Lakini freni zilikuwa zile zile za mwanzo, freni za fito. Ukikanyaga pedali, fito ndefu za chuma chini ya sakafu zilivuta waya, na waya zilivuta vipande vya ndani ya gurudumu vitanuke na kulibana. Kila gurudumu lilivutwa kivyake na lilikuwa na tabia yake. La mbele kushoto lilishika kabla ya mengine, kwa hiyo kila ulipofunga freni lori liligeuza kichwa kushoto, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Ndiyo sababu lori letu halikuwahi kwenda popote bila kabari. Ilikuwa gogo la mti mgumu lililochongwa upande mmoja, na mshikio wa mpira wa tairi uliopigwa misumari. Mtu mmoja alisimama nyuma wakati wote, na baba alipopiga honi fupi, mtu yule aliruka chini, akakimbia, akaisukuma kabari mbele ya gurudumu. Katika ujana wao mtu wa kabari alikuwa baba mdogo. Walishuka hivyo milima yote ya huku, mmoja akikanyaga kwa miguu miwili, mwingine akikimbia pembeni. Baba alizoea kusema kwamba freni yake ya kweli ilizaliwa na mama yake.

Mimi nilijifunza kuendesha baba alipoanza kuugua. Niliacha shule nikiwa sekondari ya pili, kwa sababu mtu alihitajika, na mtu huyo alikuwa mimi. Wanaume wa kwenye machimbo ya mchanga walicheka sana, halafu wakazoea. Baada ya mazishi niliendelea peke yangu, mdogo wangu wa kiume akishika kabari siku ambazo hakuwa darasani, na siku nyingine nikimlipa yeyote aliyekuwa na miguu.

Halafu ikaja siku ambayo waya ya nyuma ilikatika. Nilikuwa nashusha mawe karibu na kwa baba mdogo. Lori lilipita kabari, likapanda ukuta wa kiwanja chake, likaubomoa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameketi chini ya ukuta ule akimenya maharage. Alikuwa ameinuka tu kwenda kunywa maji. Sahani ya maharage tuliikuta chini ya tairi.

Baba mdogo hakupiga kelele. Aliketi chini, akaanza kuokota maharage moja moja. Jioni ukoo ulikaa, naye akasema:

«Gari hii iko jeneza. Inangojea tu mutu wa kuingia.»

Niliomba muda wa kiangazi. Nilisema nitaziondoa freni za fito na kuweka za maji, za idroliki, kama magari mengine yote yanayotembea duniani. Wazee walicheka. Yeye hakucheka. Alisema nina muda mpaka mvua ya kwanza, na siku ya pili akapeana mkono na mnunuzi wa Kamanyola. Nilielewa kwamba hakuwa ananichukia. Alikuwa anaogopa, kama mimi.

Fundi alizunguka lori akalipapasa chini, akatoka na vumbi usoni. Alikuwa ametengeneza freni nyingi, akasema, lakini hajawahi kuona mtu akizihamisha kutoka gari moja kwenda jingine, tena gari la umri huu.

«Weye unataka nimpeleke huyu muzee shule.»

«Mupeleke,» nikamwambia. «Nafasi yangu iko bure, sikuimaliza.»

Alicheka, na hapo nikajua amekubali.

Kilichotushinda kwanza kilikuwa vifaa. Tulizunguka gereji zote kuanzia Kavimvira mpaka bandari ya Kalundu. Kila mahali walikuwa na kipande kimoja, au bei ambayo hata kuitamka ilikuwa aibu. Kiangazi kikawa kinakwenda. Usiku nilisikia wadogo zangu wakijifanya wamelala. Mwishowe dereva mmoja wa mihogo alituambia kwamba Kiringye kuna mjane mwenye gari bovu uani, na ndani yake kuna kuku.

Ilikuwa kweli. Kamyoneti ile, pikapu ya zamani, ilikuwa imezama kwenye udongo mpaka nusu ya matairi, na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Fundi alilala chini yake na kimulimuli cha simu. Alipotoka aliniinulia kidole gumba, na nikaona kwamba zipo: pampu ya freni, silinda ndogo za magurudumu yote, hata sahani zake za chuma. Mama yule alitukaribisha vizuri, akatupa bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akatusikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kuku wake watalala wapi.

Nikasema nitawajengea nyumba, na niliwajengea, kwa mbao za zamani za lori. Kuhusu malipo alikataa katakata.

«Franga sitaki, mwanangu. Franga inaisha. Mume wangu alipanda milimani Rurambo kununua ng'ombe, akagonjwa kule, wakamuzika kule. Hata musalaba sijamuwekea. Siku kamyo yako itajua kusimama, utanipandisha.»

«Nitakupandisha, mama.»

«Na kunishusha.»

«Na kukushusha.»

Ndilo deni nililochukua. Wakati ule niliona ni jepesi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukata tamaa kila asubuhi. Sahani za kamyoneti hazikulingana na ekseli ya lori. Matundu yalipishana kwa upana wa kidole. Tulitoboa mapya kwa mkono, kwa kuwa umeme ulikuja ukitaka. Fundi aliunga kikalio cha pampu chini ya sakafu, tukakanyaga, kikavunjika. Akaunga tena, kinene zaidi. Mabomba ya shaba tuliyakunja kwa kuyazungusha kwenye chupa ya bia, maana ukiyakunja kwa mikono yanajifunga kama koo. Zile fito za zamani tulizitoa zote, na freni ya mkono ikaondoka pamoja nazo, kwa sababu ilikuwa ikivuta fito hizo hizo. Fundi alisema ya mkono tutaifikiria baadaye. Aliitupa na kabari uani. Freni za idroliki, alisema, hazina haja ya mti.

Ikabaki kitu kimoja, cha kumimina ndani. Wakati ule njia ya kaskazini ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wenye upepo, na madukani vile vichupa vya freni vilikuwa vimekwisha. Tulikwenda duka kwa duka. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima asubuhi na hayakuondoka mpaka jioni. Siku moja fundi alikuja akiwa na dumu la manjano, anacheka peke yake. Kuna mtu bandarini anauza mafuta ya mashine ya kunyanyulia mizigo. Mafuta ya idroliki.

Alisema neno hilo kama mtu aliyeona nduguye kwenye umati. Sisi sote tulikuwa tumelisema neno idroliki kiangazi kizima, kwenye kikao cha ukoo, kwa mjane, kwa Mungu. Freni za idroliki, mafuta ya idroliki. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu mafuta ni mafuta: ya kupikia, ya taa, ya injini, ya kujipaka, jina moja linayatosha yote, unaongeza tu neno la pili. Neno la pili lilikuwa linafanana.

Tulimimina. Kutoa hewa kwenye mabomba ni kazi ya watu wawili wasioonana. Mmoja anakanyaga pedali juu, mwingine yuko chini anafungua skrubu ya gurudumu. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekanyaga. Kutoka chini ya lori nilisikia sauti ya fundi ikisema, «Kanyaga. Shikilia. Achia,» na yeye akijibu kila mara, «Nimeshikilia,» kama anaitikia litania. Jioni pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Tulilisukuma lori uani, nikakanyaga, likasimama bila kugeuza kichwa kushoto. Mdogo wangu alishuka akaliambia lori, «Aksanti, muzee.» Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, maana sikutaka wanione.

Zikapita siku chache. Matone ya kwanza yakaanguka, si mvua hasa, lakini baba mdogo akatuma ujumbe kwamba ahadi ni ahadi. Ndipo tukakusanyika pale, wote niliowataja.

Mteremko ule unatoka kwenye machimbo ya mawe na kushuka moja kwa moja mpaka barabara kuu, na ng'ambo ya barabara kuna akina mama wenye mabeseni ya ndagala, halafu ziwa. Baba mdogo alikuwa ameileta kabari yetu. Aliiokota uani kwetu akaigeuza kigoda, akaikalia kando ya njia, mkono juu ya goti lake bovu. Mjane alisimama karibu naye, amevaa kitenge cha kanisani. Mnunuzi wa vyuma alinisalimia kwa adabu. Aliniita dada, akasema anatumaini atarudi Kamanyola mikono mitupu, ila asirudi na njaa.

Kupanda, lori lilikuwa zito. Injini ililia, na kukawa na harufu ya kuungua. Juu, fundi aliyekuwa amepanda nami alishuka akagusa gurudumu, akauondoa mkono haraka. Akasema freni mpya hubana kidogo, zitazoea. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Akabaki kule juu, nikageuza lori peke yangu.

Nilianza kushuka. Nikakanyaga, likashika vizuri, vizuri mno. Lori lilisimama katikati ya mteremko kabisa, na watu wakapiga makofi. Niliachia pedali, lori halikusogea. Pedali haikurudi. Nikaongeza moto kidogo, likaanza kutambaa, halafu kitu kikakatika chini, sikukisikia kwa masikio ila nilikihisi mguuni, na pedali ikazama mpaka sakafuni kama mguu unaokosa ngazi. Nikapiga pampu. Hakuna kitu. Nikatafuta gia ndogo, ikaruka. Freni ya mkono haikuwepo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anakimbia dirishani.

«Yaya, ruka! Yaya!»

Yaya kwetu ni mkubwa uliyezaliwa naye. Aliniita hivyo tangu ajue kusema. Sikuruka. Si kwa ushujaa. Niliona yale mabeseni chini, na nikaona kwamba lori likienda bila mimi litakwenda kushoto au kulia lipendavyo. Nilishika usukani nikalielekeza kwenye mtaro. Halafu, sijui kwa nini, nikapiga honi. Fupi, moja.

Baba mdogo aliinuka. Mtu mzito, mwenye goti ambalo hata kanisani haliinami. Aliinyanyua kabari kwa ule mshikio wa mpira, akakimbia kando ya lori, akaitia mbele ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likaitema. Akaiokota, akakimbia tena, akaitia mara ya pili na kuikandamiza kwa mikono miwili. Lori lilipanda, likatetemeka, likainamia mtaroni na kutulia. Mawe madogo yaliendelea kuviringika peke yake mpaka barabarani.

Nilishuka. Baba mdogo alikuwa ameketi chini, kucha za vidole viwili zimeng'oka, anahema. Mnunuzi wa vyuma alikohoa, akaenda taratibu akaanza kuikunjua mipira ya gesi.

«Pole, dada,» akasema. «Kazi iko kazi.»

Fundi alikuwa ameteremka mbio. Alifungua gurudumu moja pale pale mtaroni, akatoa ile mipira midogo ya ndani ya silinda. Ilikuwa imevimba na kulainika kama maharage yaliyolala majini. Mmoja ulikuwa umepasuka. Akasema mipira ilikuwa mizee, ilikaa miaka mingi na kuku.

Mjane aliinama, akachovya kidole kwenye kile kilichokuwa kinadondoka, akakisugua kwa kidole kingine. Akamwomba mmoja wa wapita njia maji. Akamimina. Maji yalikimbia juu ya kidole chake, na kidole kikabaki kinang'aa.

«Hii haiko ile ya mume wangu,» akasema. «Mashati yake nilifua mimi mwenyewe. Mafuta ya motere hayakutoka hata kwa majivu. Ile ya freni ilikuwa inatoka na maji matupu.»

«Mama, hii ni idroliki,» fundi akasema.

«Labda jina. Lakini mafuta hapana. Freni hazinywi mafuta.»

Fundi aliitia mipira mfukoni. Kisha akaenda akaketi mbali kidogo na sisi, kwenye jiwe, akatugeuzia mgongo. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa nguvu. Neno lilitudanganya wote sawasawa, na mafuta yale yaliivimbisha mipira.

Mnunuzi alikuwa tayari. Alimwambia baba mdogo, bila ukali, kwamba walipatana mbele ya watu, na watu wameona. Nilimtazama baba mdogo. Lori halikusimama lenyewe. Aliyelisimamisha ni yeye. Niliwaza chumba chetu, na karo ya wadogo zangu, na jinsi nitakavyowaambia kesho wavue viatu vya shule.

Baba mdogo alikuwa anajifunga vidole kwa leso. Alimaliza kwanza.

«Kama nilitaka vyuma,» akasema, «ningeiacha ishuke.»

Mnunuzi alielewa. Akakunja mipira yake. Alipopita karibu nami alisema kwamba katika kazi yake hajawahi kuona mnunuzi akinyang'anywa chuma na kipande cha mti.

Fundi alivuka mpaka kwenda Bujumbura kwa gharama yake, wala hakutaka tuzungumze habari hiyo. Alirudi na mipira mipya na vichupa vya kile chenyewe, ambacho kwa kweli ukikishika kinafanana na maji yenye sukari kuliko mafuta. Mabomba yote tuliyaosha ndani kwa kanyanga, kwa kuwa pombe huondoa mafuta bila kudhuru mpira. Baba mdogo alikuja kutazama, vidole vimefungwa, akasema ameona mengi, lakini lori kulewa mbele yake na yeye hajaonjeshwa, hilo ni jipya.

Tulijaribu tena mteremko ule ule, bila kumwalika mtu. Lilisimama. Tulipanda na kushuka mpaka nikachoka kuogopa.

Zile fito za zamani fundi alizikata akaunga msalaba, mrefu, mzuri, wenye jina la marehemu kwa herufi za chuma. Mjane alikuja akauona, akaupapasa, akauacha kwetu, kwa sababu lori litaanzia huku. Tulipanga kupanda njia ikikauka.

Njia ilikauka, lakini ikafungwa. Mapigano yalishuka na kupanda, vizuizi vikazaa vizuizi, na watu wa Rurambo wenyewe wakawa wanateremka kwa miguu na vitanda vichwani. Mimi nabeba mchanga na mawe ndani ya mji tu. Wadogo zangu wanasoma, siku ambazo shule iko wazi. Kabari bado inapanda nyuma, baba mdogo ndiye aliyeirudisha kwa mkono wake, wala sikubishana naye. Msalaba umeegemea ukuta wa chumba chetu, upande wa ndani, kwa sababu ya mvua. Mdogo wangu wa kike alianika taulo juu yake siku moja, nikaliondoa, akaelewa.

Jumapili baada ya misa mama wa Kiringye hunipigia simu, mtandao ukiwepo. Haulizi habari za msalaba.

«Njia iko namna gani?»

«Ingali imefungwa, mama.»

«Na freni?»

«Freni ziko.»

«Basi,» anasema, «ungali na deni yangu, kunipandisha na kunishusha.»

Namjibu kwamba najua. Halafu tunaongea habari za kuku.